Nani Aliizima Antivirusi Yako?

Shemeji yangu anafundisha sekondari, na laptopu yake ni ya nyumba nzima. Humo ndimo ilimo mitihani aliyotunga kwa miaka sita, maandalio ya masomo, picha za komunyo ya mwanawe, na orodha ya michango ya harusi ya ukoo ambayo mpaka leo kuna watu hawajaimaliza. Jumapili moja jioni akanipigia simu.

"Shem, habari za huko? Nina shida ndogo. Nitafutie antivirusi nzuri, ya kununua, siyo hizi za bure. Ipi ndiyo kali kwa sasa?"

Mtu hanunui kufuli Jumapili jioni kama hajaibiwa. Nikamuuliza kumetokea nini. Akaguna, kisha akaeleza: kila faili limeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina, hakuna linalofunguka, na ndani ya kila folda kumewekwa kijifaili kinachoitwa _readme.txt. Kwenye kijifaili hicho anadaiwa dola 980, ila akiwahi ndani ya saa 72 atapunguziwa, atoe 490.

Kwa dalili hizo ugonjwa unajulikana hata bila kuiona mashine. Ni STOP, ambayo wengine huiita Djvu, moja ya programu za kuteka mafaili zilizosumbua sana watu wa kawaida tangu mwaka 2018. Haijishughulishi na mabenki wala mahospitali makubwa. Chakula chake ni kompyuta za nyumbani, na njia yake kuu ya kuingilia ni programu za kraki, yaani zile za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure. Nikamuuliza shemeji ni kitu gani kipya kilichowekwa wiki ile.

"Hakuna kitu. Ila fundi alinipigia Office upya, ile ya zamani ilikuwa inadai kulipiwa."

"Wakati anaiweka, hakuzima chochote?"

"Aa, ile ya Windows? Aliizima. Alisema inasumbua, kila kitu yenyewe inaona ni virusi."

Nimeshakuwa na mazungumzo ya namna hii na watu wengi, na karibu wote huanza na swali la shemeji: antivirusi gani nzuri? Ni swali la haki. Lakini mwenye kompyuta ya nyumbani yenye Windows 10 au 11 alishapewa jibu siku mashine ilipopigwa Windows. Humo ndani mna Microsoft Defender, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Mlinzi tunaye. Shida ni mazoea yetu ya kumfungia chumbani kila tunapotaka kupitisha mzigo ambao tunajua fika kwamba hataukubali.

Najua kuna mafundi watakaocheka wakisikia Defender inatosha, na kicheko chao kina historia. Microsoft ilipotoa Security Essentials, mtangulizi wa Defender, mwaka 2009, kila mtu aliipakua kwa kuwa ilikuwa bure na nyepesi, lakini haikudumu kwenye kilele. Mwishoni mwa 2012 maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, ambayo kazi yake ni kuzipima programu hizi, iliinyima cheti. Mafundi waliojifunza kazi miaka ile walitoka na somo moja, kwamba antivirusi ya Microsoft ni pambo, na somo hilo wamewarithisha vijana wao wa dukani. Wakati huo huo programu yenyewe ilikuwa inabadilika. Tangu Windows 8 ikawa sehemu ya mfumo, ikaunganishwa na kompyuta za Microsoft zilizoko mtandaoni, na kwa miaka kadhaa sasa maabara ile ile ya Magdeburg huipa mara kwa mara alama 6 kati ya 6 katika vipengele vyake vyote vitatu: ulinzi, wepesi, na kutomsumbua mtumiaji kwa kengele za uongo. Sifa mbaya ya mwaka 2012 bado inaishi Kariakoo.

Lakini kuna jambo ambalo fundi wa shemeji alikuwa nalo sawa nusu. Defender kweli hupiga kelele juu ya programu za kufungulia Windows na Office bila malipo hata pale ambapo hazina kirusi. Huziandikia jina kama HackTool, kisha AutoKMS, na maana yake ni hii: hiki ni chombo cha kuvunjia kufuli. Haisemi kwamba chombo hicho kitakuibia. Fundi ambaye ameshapiga Office mara mia kwa chombo hicho na kuona mara zote mia onyo lile lile, bila mteja kurudi analia, hujijengea imani kwamba onyo halina maana. Akifika mara ya mia na moja, amepakua kutoka tovuti nyingine kwa sababu ile ya zamani imefungwa, na safari hii ndani ya kifurushi mna STOP. Defender inasema kitu kinachofanana na kile ilichosema jana. Naye anafanya alichofanya jana.

Waandishi wa virusi wanalielewa hili kuliko sisi. Ndiyo maana maelezo yanayoambatana na kraki huwa na mstari usiokosekana: zima antivirusi kwanza, kisha endelea. Hebu fikiria mgeni aliyesimama getini, kabla hata hajasalimia, anakuambia, mfunge mbwa. Wapo wageni wema wanaoogopa mbwa, sikatai. Ila mwizi naye hana maneno mengine ya kuanzia. Na huyu STOP ana ujanja wa ziada: anapokuwa anafunga mafaili, aina zake nyingi huonyesha dirisha la uongo linalosema Windows inajisasisha, tafadhali subiri. Shemeji anakumbuka kuliona. Alikwenda kunywa chai.

Sipendi kuwasema watu kwa sababu ya kraki kana kwamba ni tabia mbovu tu ya kuzaliwa nayo. Mwalimu analipwa kwa shilingi, Office inauzwa kwa bei iliyopigiwa hesabu ya dola, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha njia nyingine. Njia zipo. LibreOffice ni bure kabisa, inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na mtihani wa Historia wa kidato cha tatu hauhitaji kitu ambacho haina. Word yenyewe ipo bure kwenye kivinjari kwa mwenye akaunti ya Microsoft. Na kuna jambo ambalo mafundi hawalisemi: Windows isiyofunguliwa kwa namba halali inaendelea kupokea masasisho ya usalama, na Defender inafanya kazi kama kawaida. Utaona maandishi hafifu pembeni ya kioo yakikudai, na hutaweza kubadilisha picha ya nyuma kupitia mipangilio. Masharti ya Microsoft yanataka leseni, hilo halina mjadala. Lakini kama mtu ameshaamua kutolipa, kati ya maandishi hafifu kwenye kioo na programu ya mtu asiyejulikana iliyopewa mamlaka yote ya mashine, mimi najua lipi ni jepesi kulibeba.

Sasa niseme udhaifu wa Defender, maana upo, na unatugusa sisi zaidi ya anavyoguswa Mjerumani.

AV-TEST inasema kila siku inaandikisha programu mpya zaidi ya 450,000 zenye madhara au zisizotakiwa. Hakuna orodha ya aina hiyo inayoweza kukaa yote ndani ya laptopu. Kwa hiyo Defender, ikikutana na faili isilolijua, huuliza mtandaoni: mnamjua huyu? Jibu hurudi haraka sana. Bila intaneti, swali halimfikii mtu. AV-Comparatives, maabara nyingine iliyoko Innsbruck, Austria, huzipima antivirusi mashine ikiwa mtandaoni na pia ikiwa imekatwa, na hapo Defender imekuwa ikishuka waziwazi inapokatwa, wakati baadhi ya wenzake, Bitdefender ya Romania ikiwamo, hushuka kidogo tu.

Mtu wa Munich hawezi kuona tofauti hiyo, kwa sababu kompyuta yake iko mtandaoni muda wote. Yetu je? Kompyuta ya nyumbani Mbagala au Kisumu huwashwa bila bando, mtoto anaangalia tamthilia zilizokopwa kwa flashi, mama anachapa barua ya kikundi, kisha flashi ile inakwenda duka la steshenari kuprinti na kurudi na wageni. Yaani saa ambazo mlinzi ana macho mafupi ndizo saa ambazo mlango wetu mkuu uko wazi. Kwa nyumba ya namna hiyo naona sababu ya kweli ya kulipia antivirusi nyingine inayojiamini bila mtandao. Asiye na fedha hiyo afanye jambo dogo: akirudi na flashi kutoka dukani, awashe hotspoti ya simu kabla ya kuichomeka, aiache Defender ijisasishe na kuikagua flashi, ndipo aifungue. Bando la kazi hiyo haliwi kubwa.

Habari ya flashi wengi wameishika nusu. Zamani, enzi za kirusi Conficker cha mwaka 2008, flashi ilichomekwa tu na kirusi kikajiendesha chenyewe. Microsoft iliufunga mlango huo katika Windows 7, na Februari 2011 ikaufunga kwenye XP na Vista pia. Kilichobaki ni virusi vya "shortcut". Hivi huficha mafolda yako halisi na kuweka mahali pake vibandiko vyenye majina yale yale, na wewe mwenyewe unapobofya "Barua za Kikundi" ndiye unayekiendesha kirusi. Ukiona folda ina kimshale kidogo kwenye kona, na jana hakikuwepo, usiibofye. Mafaili yako yamo, yamefichwa tu, na kufomati flashi kwa hasira ndiko kutakakoyapoteza.

Tuje kwa wale wanaotaka kulipa. Watu wengi huangalia kwanza asilimia za kukamata virusi, na kati ya majina makubwa asilimia hizo zinakaribiana kiasi kwamba sioni mantiki ya kuzigombania. Mimi naangalia nani mwenye programu na anakula wapi, kwa sababu antivirusi ni moja ya programu chache tunazozipa ruhusa ya kusoma kila faili, kila tovuti na kila kiambatisho. Hata mkaguzi wa hesabu haruhusiwi kuingia chumbani kiasi hicho.

Avast ya Prague ilikuwa kwa miaka mingi antivirusi ya bure inayopendwa kuliko nyingi, na hapa kwetu ilisambaa mno. Januari 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa inauza kumbukumbu za tovuti ambazo watumiaji walitembelea. Jumpshot ikafungwa ndani ya siku chache. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza kumbukumbu hizo kwa ajili ya matangazo. Kwa mujibu wa tume hiyo, wanunuzi walikuwa zaidi ya 100. Watu waliiweka ili wasipelelezwe.

Anayesema basi atahamia AVG, ajue Avast iliinunua AVG mwaka 2016. Akikimbilia Avira, Avira ilinunuliwa na Norton. Akikimbilia Norton, Norton na Avast ziliungana mwaka 2022, na sasa zote nne ziko chini ya kampuni moja iitwayo Gen Digital. Rafu ya dukani ina maboksi manne ya rangi nne. Mfuko unaopokea fedha ni mmoja. Hili halizifanyi kuwa mbaya katika kukamata virusi, la hasha, zinafanya vizuri kwenye maabara. Ila linapunguza uzito wa neno "kuchagua".

Kaspersky ni kisa kingine. Vipimo vyake vimekuwa vya juu kwa miaka na miaka, na mafundi wetu wanaisifu kwa haki. Juni 2024 serikali ya Marekani iliipiga marufuku nchini humo kwa hoja kwamba kampuni ya Moscow inaweza kulazimishwa na serikali yake. Amri hiyo haiyahusu maduka yetu, na sioni jasusi gani atakayehangaika na mitihani ya kidato cha tatu. Kilichonishangaza ni mwisho wake: Septemba mwaka huo wateja wengi wa Marekani waliwasha kompyuta na kukuta Kaspersky haipo, na mahali pake imejiweka programu iitwayo UltraAV ambayo hawakuwahi kuisikia. Kampuni ilikuwa imepanga kuwahamishia huko, na barua pepe ilitumwa, lakini wengi hawakuelewa kwamba itajisakinisha yenyewe bila wao kubofya kitu. Unaponunua antivirusi unanunua uhusiano wa aina hiyo, siyo boksi.

Ndiyo maana nikilazimishwa kutaja majina ya kulipia kwa ajili ya nyumbani, nataja Bitdefender au ESET ya Slovakia. Zote mbili ni kampuni ambazo kazi yao kuu imebaki hii, na ESET ina sifa ya kutozilemea mashine dhaifu zenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani, ambazo ndizo nyingi kwenye laptopu za mtumba tunazoletewa kutoka Dubai. Kabla ya kulipa, soma bei ya mwaka wa pili. Biashara hii ina mchezo wa kukukaribisha kwa bei ya kutupa na kukukata mara mbili yake mwaka unaofuata, kadi yako ikiwa bado imeunganishwa. Na ukikuta namba ya mwaka mzima inauzwa mtandaoni kwa bei ya chipsi kuku, jua aidha ni leseni ya mashine kadhaa iliyokatwa vipande na kuuzwa reja reja, au ni ya nchi nyingine na huenda ikagoma kufunguka hapa. Mwenye duka atakuambia "jaribu tena kesho".

Wala usiweke mbili kwa pamoja ukidhani utalindwa mara mbili. Zikiwa macho zote, kila moja humwona mwenzake anachungulia mafaili kama mwizi, na mashine inakufa kwa uzito. Kwa kawaida Defender hujiweka pembeni yenyewe ikiona mwingine amekuja. Kasheshe iko kwenye zile za majaribio zinazokuja na laptopu mpya dukani: muda unaisha, mwenye mashine anabofya "nikumbushe baadaye" kwa miezi minane, na hajui tena nani yuko zamu. Fungua Windows Security uone jina lililoandikwa pale. Kama ni la programu iliyokwisha muda, iondoe, Defender irudi kazini. Na yale maonyo yanayochomoza kwenye kona ya kioo yakisema antivirusi yako imekwisha, lipa sasa, ilhali hujawahi kuinunua? Hayo hayatoki kwenye antivirusi yoyote. Ni tovuti fulani uliyoiruhusu kukutumia arifa siku ulipokuwa unatafuta mpira wa bure. Nenda kwenye mipangilio ya kivinjari ufute ruhusa hiyo.

Kuna jambo ambalo hakuna antivirusi inayoweza kulifidia, nalo ni Windows yenye matundu. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka (sasisho la kuzibia) cha tundu moja kwenye namna kompyuta zinavyogawana mafaili. Mei 12, karibu miezi miwili baadaye, WannaCry, nayo programu ya kuteka mafaili, ilipita kwenye tundu hilo hilo na kuenea katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa. Hata waliokuwa na antivirusi walipigwa. Hawakuwa na kiraka. Huku kwetu watu huzima masasisho ili kuokoa bando, na kopi nyingi za Windows zilizochezewa hufika zikiwa zimezimwa tayari. Sasa kuna la ziada: msaada wa Windows 10 ulikwisha Oktoba 14, 2025. Mtu wa nyumbani anaweza kujiandikisha apate viraka vya ziada mpaka Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 au bila malipo akikubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Orodha ya virusi ya Defender kwenye Windows 10 Microsoft imeahidi kuendelea kuisasisha mpaka Oktoba 2028, na hapo ndipo watu watakapodanganyika: wataona alama ya kijani, wataona antivirusi imesasishwa leo asubuhi, na nyumba itakuwa na askari mwenye silaha mpya amesimama pembeni ya ukuta uliobomoka.

Na wezi wenyewe wamebadilika. STOP angalau alimwachia shemeji barua. Wengi wa sasa hawaachi kitu: wanaingia, wanakusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vinavyokuweka ndani ya akaunti bila kuulizwa nywila tena, wanatuma, wanaondoka. Mmoja wao, Lumma, alikutwa na Microsoft kwenye kompyuta zaidi ya 394,000 ndani ya miezi miwili tu, Machi hadi Mei 2025, kabla miundombinu yake haijavamiwa. Moja ya njia zake ni ukurasa unaojifanya kukuuliza kama wewe si roboti, kisha unakuelekeza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, ubandike, ubonyeze Enter. Mtu anajichoma sindano mwenyewe. Antivirusi inaweza kuiwahi, inaweza isiiwahi. Amri imetoka kwa mwenye nyumba.

Basi Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa shemeji. Tuliyahamishia yale mafaili yaliyofungwa kwenye diski ya nje, tukaifuta mashine yote, na kwa vile aina hii ya virusi mara nyingi huja imeongozana na mwizi wa nywila, tukabadilisha nywila zote kwa kutumia simu yangu, kuanzia ya barua pepe. Tukapiga Windows mpya kutoka tovuti ya Microsoft, tukaweka LibreOffice, tukamfungulia akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kusakinisha vitu. Defender tukaiacha kama ilivyo, ila tukawasha kipengele chake kinachozuia programu ngeni kugusa folda za nyaraka, ambacho huwa kimezimwa mpaka mtu akitafute. Kitamsumbua mara moja moja. Nikamwonyesha jinsi ya kuhamishia mitihani kwenye diski ya nje kila Ijumaa na kuichomoa, maana diski iliyoachwa imechomekwa hutekwa pamoja na nyingine.

Akataka kujua kama kweli mlinzi yuko macho. Nikamwandikia kwenye Notepad ule mstari wa majaribio wa EICAR, herufi 68 zisizo na madhara ambazo antivirusi zote zimekubaliana kuzitendea kama kirusi. Tulipouhifadhi tu, Defender ikapiga kelele na kuliondoa faili. Akacheka. "Kumbe ilikuwa inaona siku zote?"

Kuhusu mafaili ya zamani, mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure chombo cha kufungulia mafaili yaliyotekwa na STOP, lakini kinaweza aina za zamani, na zile mpya pale tu ambapo kirusi kilishindwa kufikia seva yake kikatumia ufunguo wa pamoja, ule ule kwa waathirika wengi. Hali hiyo hujulikana kwa namba ya mwathirika iliyomo kwenye _readme.txt: huishia na t1. Tuliifungua ile barua pamoja. Namba ya shemeji iliishia na herufi nyingine. Dola hakulipa, na mitihani ya kidato cha tatu ameanza kuichapa upya kutoka kwenye makaratasi ambayo wanafunzi wake wa mwaka jana walikuwa bado wanayo.